Muziki Unaomsubiri Msomaji

Mpiga litungu, ile ala yetu ya nyuzi, hamharakishi msemaji. Kaa karibu naye jioni moja, hapa Ndalu au kokote kwa Wabukusu, uvitazame vidole vyake. Msemaji akinyamaza kutafuta neno, vidole vinazunguka palepale, mzunguko uleule, na hakuna anayenung'unika. Neno likipatikana, litungu linalipokea. Msemaji akikohoa, akinywa maji, akimsalimu mgeni aliyebisha hodi, litungu bado linazunguka. Wimbo wa redioni hauwezi hivyo. Una dakika zake tatu au nne, na zikiisha unakwenda zake, uwe umeshiba au hujashiba.

Ukitaka kutunga muziki wa hadithi shirikishi, anzia kwa huyo mpiga litungu. Hadithi shirikishi husomwa kwenye simu au kompyuta, na msomaji hufika mahali akaulizwa: utapanda matatu au utatembea? Utasema ukweli au utanyamaza? Akichagua, hadithi inashika njia hiyo. Wewe mtunzi huwezi kujua atakaa dakika ngapi kwenye njia panda. Mmoja atabonyeza papo hapo. Mwingine ataitwa na mama yake akateke maji, na akirudi atataka kuukuta muziki wako ungali pale, haujachoka wala haujamchosha. Mtunzi wa filamu anajua mlango utafunguliwa sekunde ya ngapi. Wewe hujui, na kazi yako yote imejengwa juu ya kutojua huko.

Tuseme wewe na wenzako watatu mmeamua kutengeneza hadithi ya namna hiyo kutokana na kitabu mnachokipenda. Nitachukua Siku Njema ya Ken Walibora kuwa mfano, kwa sababu sioni kitabu kilicho karibu nasi zaidi. Walibora alizaliwa Baraki, Bungoma, mwaka 1965. Siku Njema, riwaya yake ya kwanza, ilitoka mwaka 1996, naye alifariki Nairobi mwezi Aprili 2020. Kongowea Mswahili, mtoto wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, anafunga safari hadi Kitale kumtafuta baba yake. Wengi wetu huku tulipoisoma tulishangaa kuikuta Kitale, hii hii tunayoiendea kuuza mahindi na kununua viatu vya shule, imo kitabuni kama miji mingine yote ya hadithi. Shabiki wa kitabu kama hicho hatosheki na kukisoma mara moja. Anaanza kujiuliza: je, kijana angekata tamaa njiani akarudi Tanga? Je, angekutana na nani mwingine barabarani? Maswali hayo ndiyo hadithi shirikishi yenyewe.

Lakini kabla ya noti ya kwanza, barua. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inailinda kazi ya fasihi maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Kwa Siku Njema, hesabu hiyo inafika mwisho wa mwaka 2070. Kukigeuza kitabu kuwa kitu kingine ni haki ya mwenye hakimiliki, na kutouza hakukupi ruhusa. Mwandikie mchapishaji, anwani yake imo kwenye kurasa za mwanzo za kitabu. Mweleze ninyi ni nani, mnataka kutumia wahusika gani, na kwamba hamtauza. Mkingoja jibu, fanyeni kile ambacho mimi huwashauri vijana wote: andikeni hadithi ya jirani. Kijana mwingine, jina lingine, barabara ileile ya kutoka pwani hadi chini ya Mlima Elgon. Ruhusa ikija, muziki wako utahamia kwenye hadithi mliyoipenda kwanza. Isipokuja, muziki una nyumba tayari.

Msidhani hadithi ya jirani ni ya daraja la chini. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo yake ya kurekodi, alifika Kapkatet kwa Wakipsigis akawarekodi wasichana wakiimba habari za Chemirocha. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika hadi huku Bonde la Ufa. Wasichana hawakuuimba wimbo wake. Walichukua jina, wakalitamka kwa ulimi wao, wakachukua na mshangao wao juu ya sauti inayotoka kwenye sanduku, wakamfanya Rodgers kiumbe nusu mtu nusu swala, na yote wakayaimba kwa ala yao ya nyuzi. Leo watu wanaoisikiliza rekodi ile duniani hawaisikilizi kwa ajili ya Rodgers. Shabiki aliyetunga kitu chake amekaa muda mrefu kuliko shabiki aliyeiga.

Sasa muziki.

Mwombe mwandishi wenu ramani kabla hajakupa hata ukurasa mmoja. Achore kwenye karatasi kubwa kila tukio na mishale inayotoka kwake: hapa msomaji anachagua, hapa njia mbili zinakutana tena, hapa hadithi inaisha vibaya, hapa inaisha vizuri. Wanaotumia Twine, programu ya bure aliyoianzisha Chris Klimas mwaka 2009, wanaiona ramani hiyo kwenye skrini yenyewe. Wanaotumia Ren'Py, nayo ya bure na iliyopo tangu 2004, wataichora kwa mkono. Ukiiona utaogopa. Matukio 24, miisho mitano, na wewe una gitaa moja na simu. Usitunge nyimbo 24. Ukifanya hivyo utachoka kwenye wa tisa, na msomaji hataukumbuka hata mmoja, kwa sababu katika njia aliyochagua huenda akasikia 11 tu, kila mmoja mara moja.

Tunga kwa watu. Mpe kila mhusika mkuu kauli fupi ya noti nne hadi sita, kitu ambacho mtoto anaweza kukipiga mbinja akienda dukani. Wahusika watatu, kauli tatu, na ya nne ni ya barabara. Nyimbo zote za hadithi zitatokana na hizo nne: zikipunguzwa mwendo, zikigeuzwa ala, zikiingiliana. Toby Fox alifanya hivyo katika mchezo wake wa kompyuta, Undertale, wa mwaka 2015. Albamu yake ina nyimbo 101, lakini ukisikiliza kwa makini utakuta kauli zilezile zikirudi na nguo tofauti. Fox mwenyewe alitoka katika ushabiki. Wimbo wake unaojulikana kuliko yote, Megalovania, ulianza mwaka 2008 katika mchezo alioutengeneza akiwa shabiki wa mchezo mwingine, EarthBound. Kisha ukaingia Homestuck, hadithi ya mtandaoni ya Andrew Hussie iliyoendelea kuanzia 2009 hadi 2016, na mwisho ukafika Undertale. Tuni ilikuwa yake, kwa hiyo aliweza kuhama nayo. Kumbuka hilo kila unaposhawishika kuchukua mdundo wa mtu mwingine na kuupaka rangi.

Kauli ya mhusika utaipata wapi? Anza na jina. Litamke polepole: Ko-ngo-we-a M-swa-hi-li. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo sauti inainuka kwenye we, inashuka, inainuka tena kwenye hi, inatua. Umeshapata umbo la wimbo kabla hujashika ala: vilima viwili, cha pili unaweza kukifanya kirefu kuliko cha kwanza au kifupi, na uamuzi huo tu unaweza kusema kama kijana huyu ana matumaini au ameanza kuchoka. Fanya hivyo kwa majina ya wahusika wako mwenyewe. Kama utaimba maneno ya Lubukusu, nenda polepole zaidi, maana Lubukusu ni lugha ya toni, na wimbo unaopanda pale neno linaposhuka unaweza kulipotosha neno. Mwimbie bibi yako. Akiuliza, "Ulisema nini hapo, mwanangu?" usimweleze maana, rudi ubadilishe noti.

Mama wa Kongowea alikuwa mwimbaji wa taarabu, na hapo ndipo mtunzi wa Ndalu anapoweza kuteleza. Atafungua programu ya simu, atatafuta sauti ya fidla nyingi, atajaribu kutengeneza okestra ya Zanzibar kwa kidole gumba. Itasikika kama sherehe ya plastiki. Tanga yenyewe haikufanya hivyo: vikundi vyake kama Black Star na Lucky Star, ambako Shakila aliimba, vilipiga taarabu kwa kikundi kidogo chenye gitaa na besi, na mdundo ambao mtu aliweza kuuchezea. Sikiliza rekodi hizo usiku kadhaa, kisha uzizime na uchukue jambo moja tu: ala hutangulia, mwimbaji anangojwa. Tunga kauli ya mama, noti sita, uipige kwa gitaa la kawaida. Tanga yako itakuwa hiyo.

Kisha fanya hili, ambalo kwangu ndilo moyo wa kazi nzima. Kauli hiyohiyo ya mama, noti zilezile sita, mwache kijana aibebe safarini. Tanga inapigwa na gitaa. Katikati ya safari ipigwe na kitu kidogo, filimbi au mbinja tu ya kijana anayetembea. Kitale, chini ya Elgon, ichukuliwe na litungu. Msomaji hatakuwa ameambiwa lolote. Lakini kijana akifika kwenye mlango wa baba yake na litungu likaanza noti zile, msomaji atajua kwamba mama amefika naye. Hakuna mstari wa maandishi utakaofanya kazi hiyo vizuri zaidi, na mwandishi wenu akiwa na busara ataufuta aliokuwa ameuandika.

Sasa turudi kwenye kusubiri, maana hapa ndipo ufundi ulipo. Muziki wa tukio la hadithi shirikishi ni mzunguko: ukifika mwisho unaanza tena bila mshono kusikika. Fanya hesabu kabla ya kurekodi. Mitindo yetu mingi ina pigo linalogawika mara tatu. Ukiweka mapigo 80 kwa dakika, na mapigo mawili katika kila kipimo, kipimo kimoja ni sekunde 1.5. Vipimo 32 ni sekunde 48 kamili. Kata faili hapo, sekunde 48, si 47.9 wala 48.2. Tofauti ndogo kama hiyo msikilizaji hataijua jina, lakini mguu wake utajikwaa kila mzunguko ukianza.

Kuna tatizo la mwangwi. Ukikata faili pale noti ya mwisho inapoishia, mlio wa waya unaotetema bado utakatwa nao, na pale mzunguko unapoanza upya utasikia kama mtu ameubamiza mlango. Dawa yake ni rahisi na ilinichukua muda mrefu mno kuigundua: piga wimbo mara mbili mfululizo bila kupumzika, kisha tupa mzunguko wa kwanza, utumie wa pili. Mwanzo wa mzunguko wa pili umebeba mkia wa ule wa kwanza. Ukiurudia, mkia unaangukia mahali pake.

Usitue nyumbani. Wimbo wa kawaida huisha kwenye noti inayosema tumefika. Mzunguko ukisema hivyo kila sekunde 48, msomaji ataambiwa tumefika mara nyingi akiwa hajaenda popote. Kipimo cha mwisho kiegemee kile cha kwanza, kama mtu aliyeinua mguu. Na usiweke ndani ya mzunguko jambo la ajabu: kigelegele, kengele moja, mlio mkali wa siilili, fidla yetu ya uzi mmoja. Kigelegele kimoja ni kitamu, lakini msomaji aliyekwenda kuteka maji nusu saa atakisikia mara 37. Vitu vya namna hiyo virekodi peke yavyo, uvipe tukio ambalo hutokea mara moja.

Matabaka yatakusaidia mno. Rekodi litungu peke yake, sekunde 48. Kisha rekodi besi ya gitaa juu yake, sekunde 48 zilezile. Kisha siilili, ule uzi mmoja unaolia kama mtu anayeongea puani. Hizo ni faili tatu za urefu mmoja, na programu inaweza kuzianzisha pamoja na kupandisha au kushusha sauti ya kila moja. Kijana akiwa peke yake barabarani, litungu tu. Akipata mwenzake wa safari, besi inaingia. Akidanganywa na mwenzake huyo, besi inabaki lakini litungu linaondoka, na msomaji anasikia kwamba amebaki na mtu asiye wake. Hujatunga wimbo mpya. Umeondoa kitu, na kuondoa ndiko watunzi wachanga wanakoogopa. Badiliko lolote lichukue sekunde moja au mbili kufifia. Likikatwa ghafla litasikika kama stima imepotea.

Kwenye njia panda yenyewe nina sheria moja ambayo simruhusu mtu yeyote anivunjie. Muziki usimwambie msomaji achague lipi. Nimesikia hadithi ambamo chaguo la kusamehe linakuja na noti tamu na la kulipiza kisasi linakuja na ngoma nzito, na msomaji anafuata muziki kama ng'ombe anayefuata chumvi. Hapo hajachagua kitu. Anapoulizwa, rudi kwenye litungu tupu, mzunguko mfupi, noti mbili tatu zisizoelemea upande wowote. Mwache apime mwenyewe. Muziki uje baada ya kuchagua, ubebe uzito wa alichochagua. Na kama swali ni zito kabisa, zima kila kitu. Ukimya katika hadithi yenye muziki unasikika sana. Habari ya msiba huku kwetu haina wimbo wa kuitangulia. Kilio huja chenyewe.

Kuhusu ala na nyimbo za jadi, hapa nitasema kwa ukali kidogo. Ukiwa mtoto wa Bungoma au Trans Nzoia, masikio yako yamejaa muziki wa tohara. Kila Agosti ya mwaka shufwa, barabara zinalia chinyimba, zile kengele za watahiriwa, na vijana wanazunguka kualika jamaa. Ni muziki wenye nguvu, na mtunzi atatamani kuuingiza kwenye hadithi yake. Wimbo wa sioyaye usiuingize. Unaimbwa alfajiri, mtahiriwa akirudi kutoka mtoni amepakwa matope, na una saa yake na mahali pake. Ukiufanya mzunguko wa sekunde 48 chini ya maandishi, umeuondolea kitu ambacho huwezi kuurudishia. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na maonyesho ya kitamaduni, nayo inataka ridhaa ya jamii inayomiliki. Lakini hata kama sheria hiyo isingekuwapo, ningekuambia vilevile.

Unachoweza kuchukua ni mwendo wa mwili. Kamabeka, ile ngoma ya mabega, jina lake ni mabega yenyewe. Hesabu namna bega linavyopanda na kushuka, upate mdundo, kisha tunga tuni yako juu yake. Mdundo wa mwili hauna mwenyewe mmoja. Na ukimwalika mzee akupigie litungu, mlipe siku hiyo hiyo, mweleze ni kazi gani, na jina lake liandikwe kwenye hadithi kama anataka liandikwe. Kuna mzee aliyenikatalia kulilinganisha litungu lake na sauti ya simu yangu. "Litungu linafuata koo langu," aliniambia, "hilo sanduku lako lifuate litungu." Nilimwambia, "Ndiyo, kuka," yaani babu, nikaona aibu, maana alikuwa na haki. Litungu hulinganishwa na sauti ya mwimbaji, si na kipimo cha kiwandani. Lirekodi kwanza kama lilivyo. Kisha shusha au pandisha gitaa na vinanda vya programu vilifuate. Programu nyingi za bure, hata LMMS, zinakuruhusu kubadili ulinganifu kidogo kidogo.

Wapi pa kurekodia? Ghalani. Nasema kweli. Nyumba ya mabati yenye kuta za saruji ina mwangwi unaomfanya mpigaji asikike kama yuko ndani ya tangi, lakini baada ya mavuno, ghala lenye magunia ya mahindi yamepangwa hadi juu lina ukimya ambao studio za mjini hulipia pesa. Gunia linameza sauti. Weka simu juu ya blanketi lililokunjwa, hatua moja kutoka kwenye ngozi ya litungu, si mbele yake kabisa bali kando kidogo, usinase mlio wa kucha. Iweke simu kwenye hali ya ndege, la sivyo utapigiwa katikati ya kipimo cha 30. Rekodi kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana, kuku wametulia na mashine ya kusaga haijapata foleni, au usiku sana. Mvua ikianza kugonga mabati, usiendelee kupiga. Rekodi mvua yenyewe, dakika tano. Utaihitaji.

Ukimaliza, sikiliza kwa simu ya bei ya chini uliyo nayo, kwa spika yake ndogo, bila vifaa vya masikioni. Wasomaji wako watasoma hivyo. Spika hiyo haitoi sauti nene, kwa hiyo besi uliyoipenda usiku ule inaweza kupotea yote. Ikipotea, ipandishe oktava moja badala ya kuiongezea nguvu.

Faili ni jambo la kupita haraka, ila lina pesa za watu ndani. Rekodi na uhifadhi asili kwa WAV, ambayo hula takriban megabaiti 10 kwa dakika moja ya stirio. Nyimbo 12 za sekunde 48 zingekuwa megabaiti 100 hivi, na hakuna mwanafunzi wa Ndalu atakayemaliza bando lake kwa ajili yako. Kwa hadithi yenyewe, zigeuze ziwe OGG kwa Audacity, kilobiti 96 kwa sekunde zinatosha kwa spika ya simu, na zote 12 zitaingia katika megabaiti 7. Usitumie MP3 kwa mizunguko. MP3 huongeza ukimya mdogo mwanzoni mwa faili, na mzunguko uliouhesabia kwa makini utapata kwikwi.

Andikianeni. Ninyi ni marafiki, mnasoma kitabu kimoja, mnakula chapati sahani moja, na ndiyo maana inafaa muandikiane sasa, kabla hapajawa na kitu cha kugombania. Karatasi moja inatosha: tuni ni za nani, mradi una ruhusa ya kuzitumia katika hadithi hii, mtunzi anaweza kuzitumia kwingine, na jina lake litaandikwaje. Miaka michache iliyopita nilitoa nyimbo nne kwa mradi bila karatasi. Mradi ulikufa, na baadaye nikausikia mmoja wa nyimbo hizo chini ya tangazo, bila jina langu na bila mtu wa kumuuliza. Kilichoniuma zaidi ya pesa ni kwamba ulikuwa wimbo wa mhusika niliyempenda, na sasa nikiusikia naona tangazo. Baada ya kuandikiana, sajili kazi zako katika bodi ya hakimiliki, KECOBO, ambayo hupokea maombi kwa njia ya mtandao. Hakimiliki ni yako tangu ulipourekodi wimbo, lakini cheti humfupishia mzozo yule aliyenacho.

Mwisho ni jaribio. Mtafute mtu ambaye hajui lolote kuhusu hadithi yenu, binamu, jirani, mama wa dukani akiwa hana wateja. Mpe simu, kaa kando, usieleze kitu. Chukua saa na daftari. Andika anakaa muda gani kwenye kila njia panda. Katika jaribio langu moja watu watatu walisoma tukio lilelile, mmoja kwa dakika moja na nusu, mwingine kwa nne, wa tatu kwa karibu kumi kwa sababu alikuwa akimsomea mtoto wake kwa sauti. Mzunguko uliomfaa wa kwanza ulimkera wa tatu, nikarudi ghalani nikaondoa noti mbili.

Mtazame uso akifika kwenye swali. Akigusa kitufe cha kupunguza sauti, andika mahali hapo na sekunde yake, wala usijitetee. Akisahau kabisa kwamba kuna muziki, andika vilevile. Na kama yuko kwenye njia panda, hajachagua, macho yake yako mbali, na bega moja limeanza kupanda na kushuka polepole na litungu, usimguse, wala usimuulize anafikiria nini. Mwache akae.